Kukata kona kwa makali: mwongozo kamili wa ubao wa alpaini

Fika mlimani asubuhi na mapema, mashine ikiwa imetoka tu kusawazisha theluji, utazame mstari alioacha mtu anayejua kukata kona. Hutaona theluji iliyofagiwa. Utaona mfereji mmoja mwembamba uliozama, umepinda kama mundu, unakatika kidogo, kisha unaanza tena kupindia upande wa pili. Pua ya ubao ilipita pale, na mkia ukapita palepale. Hiyo ndiyo maana ya kukata: mkia haukanyagi mahali ambapo pua haijapita.

Wengi wanaohamia kwenye ubao wa alpaini, yaani ubao mwembamba wa kuteremkia theluji unaopandwa kwa buti ngumu, wanajua tayari kuteremka. Wamezoea kugeuka kwa kusukuma mkia pembeni; ubao unaserereka, theluji inafagiwa, mwendo unapungua, kona imeisha. Ujuzi huo una kazi yake na utauhitaji siku zote kwenye barafu na kwenye msongamano wa watu. Lakini mazoea hayo ndiyo yanayomzuia mtu kukata. Ninachotaka ukishike kabla ya yote ni kwamba ubao wa alpaini haugeuzwi, unalazwa. Ukishaulaza, unageuka wenyewe. Kazi yako ni kuulaza mapema, kuusubiri, na kutouharibia safari yake.

Mwongozo huu unamfaa mtu anayeweza tayari kuteremka mteremko wa wastani na kugeuka pande zote mbili bila kuanguka. Kama bado hujafika hapo, jipe muda kwanza na ubao wa kawaida wa buti laini.

Ubao unageukaje wenyewe?

Uweke sakafuni uutazame kutoka juu. Kiunoni ni mwembamba kuliko puani na mkiani. Mbinyo huo ni kipande cha duara, na rediasi ya duara hilo, yaani nusu kipenyo chake, kwa kawaida imeandikwa kwenye ubao kwa mita. Mbao za slalomu, yaani mbio za kupinda kati ya milingoti, zina rediasi fupi, kama mita 8 hadi 11. Za slalomu kubwa, ambayo milingoti yake iko mbalimbali zaidi, hufika mita 18, 20 na zaidi. Mbao za kujifurahisha tu mteremkoni huwa katikati, na ya mita 10 hadi 13 ndiyo ningemshauri anayeanza.

Ubao ukilazwa kwa ukingo, pua na mkia hugusa theluji kwanza, kiuno kinabaki hewani. Uzito wako unakishusha mpaka nacho kiguse, na hapo ubao mzima umepinda kama upinde uliovutwa. Ukiulaza zaidi, unapinda zaidi, na kona inakuwa fupi zaidi. Ubao wa mita 12 ukilazwa digrii 45 hukata kona ya mita 8 na nusu hivi. Ukilazwa digrii 60, kona ya mita 6. Hakuna ulichozungusha. Umebadilisha pembe tu.

Mwendo nao una madai yake. Ukienda mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, kwenye kona yenye rediasi ya mita 10, mwili wako lazima ulale karibu digrii 45, kama mwendesha pikipiki, la sivyo utarushwa nje. Ukilala digrii 60, miguu inabeba mara mbili ya uzito wako. Ndiyo maana mtu aliyechuchumaa sana katikati ya kona huishiwa nguvu ghafla: misuli imebeba mzigo ambao ingefaa mifupa iubebe. Miguu iwe imekunjika kidogo tu pale mzigo unapokuwa mkubwa, na ikunjwe zaidi pale mzigo unapopungua, yaani kati ya kona na kona.

Buti, vifungo na makali

Kiuno cha ubao wa alpaini mara nyingi kina sentimita 18 hadi 22, kwa hiyo miguu haiwezi kukaa kwa kukingama, inatazama mbele. Buti ni ngumu, za plastiki, na vifungo ni vya bamba, vyenye chuma kimoja mbele ya vidole na kingine nyuma ya kisigino. Pembe za kawaida, zikipimwa kutoka kwenye mstari unaoukingama ubao, ni digrii 50 hadi 65. Mguu wa mbele uuzidi wa nyuma kwa digrii 3 hadi 5 ili magoti yasigombane.

Usiige pembe za mtu mwingine, maana buti zenu na ubao wenu havilingani. Kabla hujaenda mlimani, tandika zulia, funga buti tupu kwenye ubao, kisha uulaze polepole kwa ukingo, kwanza upande wa vidole, baadaye upande wa kisigino. Tazama ni wapi buti inagusa zulia. Ikigusa mapema, na mlimani itagusa theluji katikati ya kona, itanyanyua makali, yaani kingo za chuma za ubao, nawe utajikuta chini ghafla bila kujua kilichokuangusha. Ongeza pembe digrii 3, jaribu tena. Ncha ya buti ikiwa sawa na ukingo wa mbele, na kisigino kikiwa sawa na ukingo wa nyuma, umefika. Kupita hapo ni kujinyima nguvu ya kuulaza ubao haraka.

Vifungo vingi huja na kabari. Weka moja chini ya vidole vya mguu wa mbele na nyingine chini ya kisigino cha mguu wa nyuma. Zitakukalisha katikati ya ubao bila kujikaza. Kisha buti: usizibane mpaka kifundo cha mguu kife. Muundi unapaswa kuweza kuusukuma ulimi wa buti mbele kidogo. Kifundo kisichonyumbuka hupeleka kila kijibonde cha theluji moja kwa moja kwenye makali.

Makali ndiyo kitu ambacho watu hukipuuza kuliko vyote. Pitisha ukucha wa kidole gumba kukatiza makali, kama unayeupara. Yakiacha unga mweupe, yako tayari. Yakipita bila kuacha kitu, usitegemee yashike theluji ngumu. Tupa ya kunolea iliyowekwa digrii 88 au 89 upande wa ubavu inawatosha wengi. Baada ya kupiga tupa, pitisha jiwe laini kuondoa vijiba vya chuma. Kutu na vijiba vinaharibu kona nyingi kuliko mbinu mbaya.

Mteremko na watu

Chagua mteremko mpana, laini, wenye theluji iliyosawazishwa, na uende asubuhi. Usione haya kuanzia kwenye ule wa wanaojifunza. Mteremko mkali humlazimisha mtu apunguze mwendo, na njia pekee anayoijua ni kuserereka, kwa hiyo anarudi kulekule alikotoka.

Anayekata kona hutumia upana wote wa mteremko, na mwisho wa kona anaweza hata kupanda kuelekea juu. Watu walio nyuma yako hawategemei hilo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji, FIS, zinasema anayetoka nyuma ndiye achague njia isiyomhatarisha aliye mbele, lakini zinasema pia kwamba anayeingia mteremkoni, anayeanza kuondoka, au anayeelekea juu atazame juu na chini kwanza. Mimi hugeuza kichwa kabla ya kila mfululizo wa kona, na njia ikiwa na watu, nasubiri. Vaa helmeti. Ukianguka, usitandaze viganja. Kunja ngumi, uipokee theluji kwa vigasha, ili vifundo vya mikono visivunjike.

Hatua ya kwanza: mstari mmoja tu

Simama ukiukingama mteremko, ubao ukielekea chini kidogo. Uache uanze kwenda. Ukipata mwendo wa mtu anayekimbia polepole, laza ubao kwenye makali ya upande wa mlima, kwa vifundo na magoti tu, bila kugeuza mabega. Kisha usifanye kitu.

Hapo pa kutofanya kitu ndipo pagumu. Ubao utakwenda mbele sekunde moja, utaanza kupinda, utapanda mlima wenyewe, na utasimama. Fungua kifungo kimoja, geuka utazame nyuma. Ukiona mstari wa upana wa kidole, umekata. Ukiona mstari uliotanuka kama alama ya ufagio, mahali fulani mguu wa nyuma ulisukuma. Tafuta hasa ni wapi mstari ulipoanza kutanuka, kumbuka ulikuwa unafanya nini wakati huo. Mara nyingi utakuta ulitazama ubao, au ulikosa subira ukauzungusha.

Rudia upande wa vidole na upande wa kisigino mpaka upate mistari mitano safi mfululizo kila upande. Kisha anza ukielekea chini zaidi, halafu zaidi, mpaka mwishowe uanze moja kwa moja kwenye mstari wa mporomoko, yaani njia ambayo mpira ungeifuata ukiachiwa. Kila mara ni kilekile: laza, subiri, tazama nyuma.

Upande wa vidole

Makali ya vidole huwapa wengi raha haraka, na raha hiyo huficha kosa. Mtu anainama kiunoni, makalio yanabaki nyuma, kifua kinaelekea theluji. Anahisi amelala sana, kumbe ubao wenyewe umelala kidogo tu. Kilicholala ni mgongo.

Sukuma magoti kuelekea theluji, kisha ufuatishe nyonga. Hisi muundi wa mguu wa mbele ukibana ulimi wa buti. Kifua kiwe juu, macho yatazame unakotaka kona imalizikie, siyo pua ya ubao. Zoezi linalosaidia: nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani wa baiskeli, na uhakikishe usukani huo uko sambamba na theluji kwenye kona nzima. Mkono wa ndani ukishuka, umeanguka ndani ya kona badala ya kuukunja mwili. Kwenye theluji laini utasamehewa. Kwenye ngumu makali yataachia.

Kujikunja huko, miguu ikilala zaidi na kiwiliwili kikibaki kimesimama kiasi, ndiko kunakokuruhusu kuulaza ubao kuliko mwili wako ulivyolala. Makali hushika kwa sababu hiyo. Ester Ledecká, aliyeshinda dhahabu ya slalomu kubwa sambamba, ambapo wawili hushindana bega kwa bega, kwa ubao, na dhahabu ya super-G, mbio za kasi, kwa skii, yaani mbao mbili, moja kila mguu, katika Olimpiki ileile ya Pyeongchang mwaka 2018, ni ushahidi mzuri kwamba ujuzi wa makali unavuka kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Kama umetoka kwenye skii, unachokijua kuhusu nyonga na magoti kitakufaa hapa.

Upande wa kisigino

Hapa ndipo machozi yalipo. Mimi nilihangaika na upande huu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nanyoosha mkono wa ndani nyuma kuitafuta theluji. Kila nilipoinyooshea mkono, bega lilifunguka, uzito ulihamia mkiani, na ubao ulianza kudunda: ta-ta-ta-ta, makali yakishika na kuachia, mpaka yakaachia kabisa.

Keti, lakini keti ukielekea puani. Picha ya kiti cha kawaida huwapoteza watu, maana wanapeleka makalio moja kwa moja nje ya ubao na kunyoosha magoti. Fikiria kigoda kifupi kilichowekwa ndani ya kona, mbele kidogo, nawe unakikalia huku kifua kikitazama mbele na magoti yamekunjika. Mkono wa nyuma ndio ufunguo. Ulete mbele, uushushe kuelekea buti ya mbele, upande wa nje wa kona. Ukiugusa ukingo wa buti, au hata kukaribia tu, bega la nyuma limekuja mbele, nyonga imeingia ndani, na huwezi kuanguka ndani ya kona hata ukitaka. Fanya kona ishirini za kisigino ukifanya hivyo tu, bila kujali uzuri wake.

Ubao ukiendelea kudunda, chunguza kwa mpangilio huu: makali ni butu? Magoti yamenyooka? Uzito uko nyuma? Kisha uliza kama uliulaza ubao mapema au ulisubiri mpaka mwendo ukakuzidi. Mara nyingi jibu ni la mwisho.

Kubadili makali

Kona moja moja ukiwa nazo, bado huna kitu mpaka uziunganishe. Kosa kubwa la kuunganisha ni kuchelewa. Mtu anamaliza kona, anasimama bapa, ubao unaelekea chini, kasi inapanda, anashtuka, na anaulaza ghafla ukiwa tayari umepita mstari wa mporomoko. Shinikizo lote linakuja mara moja mwishoni, na makali yanashindwa.

Unachotafuta ni kuyafikia makali mapya wakati ubao bado unaukata mteremko kwa kukingama, kabla haujaelekea chini. Maana yake utalalia makali ya upande wa bonde. Mwili unakataa. Kila kitu ulichofundishwa ulipoanza kinasema makali ya bonde ndiyo yanayoangusha, na ni kweli, ukiwa umesimama au unaserereka. Ukiwa na mwendo, na ubao umefuata mstari wake bila kuserereka, makali hayo yanashika na kukuvuta ndani ya kona mpya.

Anza kwa njia ya polepole. Mwisho wa kona, inuka kidogo, uache mwili uvuke juu ya ubao kuelekea bonde, huku ukihesabu: moja, ubao bapa, mbili, makali mapya, tatu, subiri ugeuke. Neno tatu lisemwe kwa kuvuta. Mwanzoni wa kona, uzito uwe mbele kidogo, muundi kwenye ulimi wa buti, ili pua iume theluji. Katikati ya kona simama katikati ya ubao. Kuelekea mwisho, uache usogee nyuma kidogo, kisigino cha nyuma kikibeba. Kidogo tu, maana ukizidisha ubao unakuponyoka mbele na kukuacha umekaa.

Njia hiyo ikikukaa mwilini, jaribu ya pili, ambayo ndiyo inayofaa kwenye mwendo. Badala ya kuinuka mwisho wa kona, legeza magoti ghafla, kama mtu anayepita juu ya tuta bila kutaka kichwa kipande. Shinikizo lililokuwa limejengeka litausukuma ubao upite chini yako hadi upande wa pili. Kisha nyoosha miguu taratibu kuufuata. Kichwa chako kitakwenda karibu sawasawa, na miguu ndiyo itakayokuwa ikipita huku na huku chini yake. Siku utakapolihisi hilo kwa mara ya kwanza, utarudia mpaka lifti za kupandia mlima zifungwe.

Kasi na aina za theluji

Kwenye kukata, mwendo hupunguzwa kwa kuimaliza kona. Usiuachie ubao ukiwa umekingama nusu; uache uendelee mpaka uelekee pembeni kabisa, au hata juu kidogo, ndipo ubadili. Ukiona umezidiwa, kata kona moja mpaka upande mlima na kusimama. Hiyo ni breki nzuri, na theluji ya wenzako haiharibiki.

Theluji ngumu inataka utulivu: laza ubao kidogo kidogo, jikunje zaidi kiunoni pembeni, usiudunde. Theluji ya mchana iliyolainika inataka kinyume chake. Gawa uzito sawa miguu yote miwili, usijikunje sana, na usiibane pua, maana itazama na kukurusha. Barafu inayong'aa iache. Serereka, ipite, endelea.

Kulala mpaka kuigusa theluji

Wengi huvutiwa na picha za mtu aliyelala chini kabisa, mkono na kifua vikipapasa theluji. Mtindo huo ulienezwa na Waswisi Jacques Rilliet na Patrice Fivat, na ni njia tofauti na ya mashindano. Kwenye mashindano, ambayo yaliingia Olimpiki huko Nagano mwaka 1998 kwa slalomu kubwa na kuwa ya sambamba tangu 2002, mwili hujikunja na mikono hukaa mbali na theluji. Kwenye mtindo wa Waswisi mwili mzima hulala, na hunyooka katikati ya kona. Yote mawili ni halali. Ila theluji iguswe kwa sababu ubao umelala kiasi hicho, isiwe kwa sababu umeunyoosha mkono. Ukiinyoshea theluji mkono, umerudi kwenye kosa la kisigino nililolieleza.

Kuusoma mstari kutoka kwenye lifti

Ukipanda, tafuta kona zako ulizotoka kuzikata. Mstari ulio mwembamba mwanzoni na mpana mwishoni unasema ulichelewa kuulaza ubao. Mpana mwanzoni na mwembamba baadaye, uliuzungusha kuingia kona, kisha ukaushika. Ukiona vidoti vidoti upande wa kisigino, huko ndiko ubao ulikodunda. Rudi kwenye zoezi la mkono wa nyuma. Mstari ukiwa mwembamba wote lakini kona hazipindi vya kutosha, unaulaza ubao kidogo mno kwa mwendo wako. Na mahali mstari unapokatika kati ya kona mbili, pima urefu wa pengo kwa macho. Pengo la urefu wa mbao mbili au tatu ni la mtu anayesubiri bapa. Lifupishe mpaka mkia wa kona moja na mwanzo wa inayofuata vikaribie kugusana.